Cheti cha Kutoelewa

Kitu cha kwanza alichokiona Kimya siku ile ukumbini hakikuwa bango jipya, wala maua ya plastiki yaliyopangwa mezani, wala zulia lililofunika ufa wa jukwaa. Alikiona kibandiko. Kilikuwa kidogo, cha rangi ya dhahabu, kimegandishwa kwenye kioo cha kulia cha miwani ya Mkurugenzi, ukingoni kabisa, pale jicho linapomalizia mstari. Ni kile kibandiko cha dukani, cha kuonyesha kwamba kioo ni kipya. Mtu akifika nyumbani hukibandua. Mkurugenzi hakuwa amekibandua.

Ukumbi mzima ulikiona. Wahadhiri wa mstari wa mbele walikiona, wapishi wa bwenini waliosimama mlangoni walikiona, na Mama Katibu, aliyeketi karibu naye kuliko wote, alikuwa amekiona tangu miwani iliponunuliwa. Hakuna aliyesema kitu. Haukuwa woga, ulikuwa utaratibu. Kumwambia mkubwa habari ya kitu kilicho usoni kwake ni kazi kama kazi nyingine, na kazi hiyo haikuwa imepangiwa mtu.

"Ndugu wanataaluma!" Mkurugenzi aliunguruma. "Kuanzia leo, katika chuo hiki, hakuna mwanafunzi atakayeonewa na herufi!"

Makofi yakapigwa. Ndivyo ilivyozaliwa Kurugenzi ya Usaidizi kwa Wanafunzi Wenye Ugumu wa Kusoma. Ilikuwa na mlango wake, kibao chake na viti viwili, kimoja cha Mkurugenzi na kingine cha koti lake.

Kimya alikuwa amekuja kwa ajili ya kaka yake. Jina hilo alipewa na mtaa, kwa sababu akiulizwa jambo alitazama vidole vya miguu mpaka muulizaji achoke. Kaka yake alikuwa mwanafunzi wa uhandisi wa maji, mwenye akili za kumtosha yeye na za kumgawia jirani. Ukimtajia tangi na bomba angekwambia maji yatafika saa ngapi na yatafika na hasira kiasi gani. Tatizo lake lilikuwa herufi. Akizitazama zilitawanyika kama kuku waliotupiwa jiwe. Utotoni alimwambia mwalimu kwamba herufi zinakimbia, akachapwa kwa uvivu. Kesho yake akasema hazikimbii, akachapwa kwa uongo.

Basi Kimya akawa macho yake. Yeye mwenyewe shule aliiacha darasa la tano, mama yao alipougua na akahitajika mtu wa kumgeuza kitandani. Mama alipona, lakini shule ilikuwa imeshaenda zake. Kila jioni, sufuria ikiwa motoni, Kimya aliweka kitabu cha kaka yake juu ya goti na kumsomea kwa sauti, huku kaka amelala chali sakafuni akisikiliza. Walisoma hivyo darasa baada ya darasa, mpaka chuo kikuu. Hakuna aliyeuita huo usomi. Uliitwa kumsaidia kaka.

Lakini katika chumba cha mtihani sufuria hairuhusiwi, wala dada. Katika somo la Mwendo wa Maji kaka alikuwa ameshaanguka mara mbili. Maji aliyajua, ila swali halikutulia akalisoma. Mtihani uliofuata ulikuwa wa mwisho wake. Akianguka tena, anafungasha virago.

"Sasa wameanzisha ofisi," alimwambia Kimya wakitoka ukumbini. "Wataniwekea mtu wa kunisomea. Mdogo wangu, tumepona."

Kimya alifikiria kile kibandiko. 

*

Kazi ilianza kwa kasi. Jambo la kwanza lililopitishwa lilikuwa muda wa nyongeza. Kamati ilikubali kwa kauli moja kwamba mwanafunzi wa aina hii aongezewe nusu saa, na ili nusu hiyo isigongane na chakula cha mchana cha msimamizi, ikaamuliwa itolewe kabla ya mtihani kuanza. Mwanafunzi angeketi, karatasi ikiwa imefunikwa mbele yake, na kuutumia muda wake wa nyongeza kwa amani.

Jambo la pili lilikuwa Msomaji. Kila mwanafunzi angepata mtu wa kumsomea maswali kwa sauti. Hapo Baraza la Mitihani likashtuka. Likauliza: je, huyo msomaji akilielewa swali? Mtu aliyeelewa swali yuko hatua moja tu kutoka kwenye jibu, na mtu mwenye jibu anaweza kulivujisha kwa kukohoa, kwa kuinua nyusi, hata kwa kupumua. Kamati ilijifungia siku nzima na kutoka na tangazo, likabandikwa kila ukuta:

"Anatakiwa mtu anayesoma vizuri sana na asiyeelewa kabisa."

Maombi yalimiminika. Mhadhiri mmoja alileta barua za wanafunzi wake zinazothibitisha kwamba haeleweki. Alijibiwa kwa heshima kwamba kutoeleweka ni sifa nzuri, lakini ni ya wadhifa mwingine. Mwingine aliapa kwamba halielewi somo lake mwenyewe, na karibu apate, ila akaonekana anaelewa mshahara wake.

"Nenda wewe," kaka alimwambia Kimya. "Kusoma unajua kuliko mtangazaji wa redio. Na shule hujamaliza. Nani atakushuku?"

"Kaka, mimi..."

"Hivyo hivyo! Ukifika pale fanya hivyo hivyo. Ishia kwenye 'mimi'."

Usaili ulifanyika katika ofisi ya Mkurugenzi. Koti lilitolewa kitini ili Kimya akae, akalishika Mama Katibu kama mtu aliyepewa mtoto wa wenyewe.

"Elimu?" aliuliza Mkurugenzi.

"Darasa la tano," Kimya alinong'ona.

"Ulimaliza hilo la tano?"

"Hapana."

Mkurugenzi na Mama Katibu wakatazamana. Ilikuwa zaidi ya walivyotarajia.

"Katibu, mpe Kanuni ya Saba."

Mama Katibu alimpa karatasi. Kimya akasafisha koo na kusoma bila kukwama hata mara moja: "Msomaji ni mtu yeyote anayesoma asichokielewa kwa kiwango cha kumtosheleza yule anayeelewa asichoweza kukisoma, isipokuwa pale ambapo kutoelewa kwake kutakuwa kumebainika vinginevyo mbele ya mamlaka husika, au mamlaka hiyo itakapobainika hivyo yenyewe."

"Umeelewa nini?"

Kimya aliitazama tena karatasi. Aliitafuta maana juu, akaitafuta chini. Kwa mara ya kwanza katika kusoma kwake kote alikutana na sentensi iliyokwenda mbali hivyo bila kufika.

"Sijaelewa," alisema, na ilikuwa kweli.

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Mkurugenzi aliegemea kiti kwa furaha. "Mama Katibu, umeona? Mhadhiri angebahatisha. Huyu amekataa kabisa."

Akapewa karatasi ya pili, ya somo lenyewe. Iliuliza kwa nini maji ya mvua hutuama juu ya udongo wa mfinyanzi na kupotea upesi kwenye mchanga. Kimya aliisoma. Hii aliielewa kabla hajafika kwenye nukta. Aliuona mfinyanzi na vijitundu vyake vidogo, aliuona mchanga, aliyaona maji yakishuka. Akahisi midomo inataka kufunguka.

"Umeelewa nini hapo?"

Kimya alitazama vidole vya miguu. Akavitazama sana. Mkurugenzi alisubiri, Mama Katibu akalihamisha koti mkono mwingine, na kimya kikazidi kuwa kimya.

"Inatosha," alisema Mkurugenzi, sauti imelegea kwa heshima. "Nimefanya kazi na wasomi wengi. Sijawahi kuona kutoelewa kuliko kamili hivi."

Akapewa Cheti cha Kutoelewa, Daraja la Kwanza, chenye mhuri.

Nyumbani mama alikishika kwenye mwanga wa dirisha. "Umetoka shule bila cheti hata kimoja," alisema, "leo umeletewa cheti cha kutojua. Haya, nipe msumari." Akakitundika ukutani juu ya mtungi, kwa sababu mhuri ni mhuri.

*

Wiki zile kaka alimfundisha uso.

"Soma."

Kimya akasoma swali la mabomba.

"Umeinua nyusi."

"Sijainua."

"Umeinua! Umefika kwenye presha, nyusi hizo zimepanda. Msimamizi akikuona anafuta mtihani wangu, na mimi nitakuja kuishi humu ndani na wewe na mama mpaka tuzeeke. Soma tena. Fikiria kitu kisicho na maana."

Kimya akaifikiria Kanuni ya Saba. Nyusi zikatulia.

"Hapo sasa!" kaka akacheka. "Uso kama sahani. Mdogo wangu, wewe ungefaa kuwa waziri."

Siku ya mtihani walifika mapema. Chumba maalumu kilikuwa stoo ya ramani. Waliziviringisha ramani, wakazisimamisha pembeni, wakaweka meza moja na viti viwili. Kaka alikaa mbele ya karatasi iliyofunikwa, akaanza kuutumia muda wake wa nyongeza. Aliutumia kwa kutoa jasho. Msimamizi, mtu mrefu mwenye saa kubwa, alisimama dirishani. Mkurugenzi naye alikuwapo na Mama Katibu wake, maana huyu alikuwa mtahiniwa wa kwanza wa mpango mzima, na Wizara ilikuwa imemtuma mkaguzi.

Mkaguzi alikuwa mama mfupi mwenye begi la kitambaa na viatu vya kutembelea. Hakusifia kibao mlangoni. Alikiomba cheti cha Kimya, kilichokuwa kimetolewa ukutani kwa siku hiyo, akakisoma mbele na nyuma.

"Nani alimpima huyu binti?"

"Mimi mwenyewe," Mkurugenzi alijibu, kifua mbele.

"Ulijuaje kwamba haelewi?"

"Nilimuuliza akanyamaza."

"Na wewe ulikuwa unaelewa ulichomuuliza?"

"Mama, mimi ni Mkurugenzi."

"Cheo sijauliza." Mkaguzi alifungua begi. "Wizara ina swali dogo tu. Anayethibitisha kwamba mwenzake haelewi, si lazima yeye awe anaelewa? Vinginevyo tunajuaje? Inawezekana mnakaa humu wawili, wote hamuelewi, halafu mmoja anampa mwenzake cheti."

Msimamizi alitazama saa yake. Kaka aliitazama karatasi iliyofunikwa. Muda wa nyongeza ulikuwa unaliwa, na mwenyewe haonji hata tonge.

"Hii hapa Kanuni ya Saba," alisema Mkaguzi. "Ina sahihi yako. Soma, kisha utueleze."

Mkurugenzi alinyoosha mkono pembeni bila kugeuka. "Katibu, soma."

"Katibu apumzike. Soma wewe."

Chumba kikapoa. Mama Katibu alikuwa amemsomea mtu huyu barua, hotuba, ratiba na hata ujumbe wa mkewe, tangu alipopata cheo. Haikuwahi kuitwa msaada. Iliitwa ofisi.

Mkurugenzi aliweka miwani sawa, akaishika karatasi mbali kidogo, kisha karibu kidogo. "Msomaji ni mtu yeyote anayesoma asichokielewa kwa..." Akasita. "Kwa. Yule anayeelewa asichoweza... isipokuwa pale ambapo kutoelewa..." Akaishusha karatasi. "Ndiyo hivyo."

"Maana yake?"

"Inajieleza yenyewe."

"Basi tuiache ijieleze," alisema Mkaguzi, akafumbata mikono.

Wote wakaisikiliza karatasi. Haikusema lolote.

Mkaguzi alitoa kalamu. "Nimeridhika," alisema bila ubaya wowote. "Sijawahi kuona kutoelewa kuliko kamili hivi. Mheshimiwa, kwa kanuni yako mwenyewe, mamlaka husika imebainika. Nakupa Daraja la Kwanza. Vyeti vyote ulivyowahi kutoa ni batili."

"Batili?" kaka akanyanyuka. "Mama yangu, nani atanisomea?"

"Kaa, mwanangu. Mtahiniwa hakosi msomaji, hilo ni sharti. Tunatafuta mtu mwenye cheti halali cha kutoelewa." Mkaguzi alizungusha macho chumbani, taratibu, kwa haki. Kilikuwapo kimoja tu, na wino wake ulikuwa bado haujakauka.

"Mimi?" alisema Mkurugenzi.

"Kiti hicho hapo, mheshimiwa."

Mama Katibu, kwa mazoea, alimvua koti. Lakini hakukuwa na kiti cha tatu, basi akabaki nalo mkononi.

*

Kimya alitolewa nje. Alikaa kwenye benchi la barazani, chini ya dirisha la vioo vilivyolala wazi, na kila neno likamfikia.

"Swali la kwanza," ilisema sauti ya Mkurugenzi. "Tangi la maji limejengwa juu ya..."

"Juu ya nini?" kaka aliuliza.

"Juu ya. Endelea kusikiliza. Bomba linashuka kutoka kwenye tangi hilo mpaka... Eleza kwa nini presha ya maji huwa kubwa zaidi..."

"Zaidi wapi?"

"Zaidi, kijana. Zaidi ni zaidi."

"Mheshimiwa, tangi liko juu ya kilima au juu ya nyumba? Jibu linabadilika!"

"Mtahiniwa asibishane na msomaji," ilisema sauti ya msimamizi.

"Sibishani, baba, nauliza mwisho wa mstari!"

Kimya aliuinua uso. Mwisho wa mstari. Alikiona mbele yake kama siku ile ukumbini: kioo cha kulia, ukingoni, kidogo, cha dhahabu. Kila mstari ulikuwa unaingia nyuma ya kile kibandiko na kupotelea humo, na kaka yake alikuwa anaingia nao, mstari baada ya mstari, yeye na maji yake yote.

Alisubiri mtu aseme. Ndani ya chumba kile alikuwamo mkaguzi, alikuwamo msimamizi, alikuwamo Mama Katibu. Wote walikuwa na macho.

"Swali la pili," ilisema sauti. "Mhandisi amechimba mtaro katika udongo wa..."

Kimya akasimama. Miguu ilimpeleka mlangoni kabla hajaiuliza. Akausukuma.

"Wewe!" msimamizi alisema. "Msomaji haruhusiwi kusema neno lisilo kwenye karatasi!"

"Huyu si msomaji," Mkaguzi alisema kutoka pembeni ya ramani. "Cheti chake kimefutwa. Ni raia tu. Sema, binti."

Wote wakamgeukia. Kimya alitazama vidole vya miguu. Kaka yake alimtazama kwa macho ya mtu anayezama, na mdomo wake ukasema bila sauti: mdogo wangu.

"Mheshimiwa," alisema Kimya.

Ilikuwa sauti ile ya jioni, ya juu ya sufuria. Ikajaza chumba.

"Miwani yako ina kibandiko. Upande wa kulia. Kibandue."

Mama Katibu alifumba macho kama mtu anayesubiri bati lidondoke. Msimamizi akageukia dirisha. Mkurugenzi alivua miwani, akaigeuza kwenye mwanga.  Kisha akakwangua kwa ukucha, kibandiko kikamshika kidoleni, naye akakisoma, maana sasa alikuwa msomaji: "Kioo halisi."

Akavaa tena. Akaitazama karatasi, na uso wake ukawa kama wa mtu aliyefunguliwa dirisha asilojua kwamba nyumba inalo.

"Kuna maneno mengine huku!" alisema.

"Yasome," alisema Mkaguzi. "Muda wa kijana uanze upya."

Akayasoma. Na haki lazima itendeke hata kwa wakubwa: alikuwa na sauti nzuri. Aliunguruma kuhusu tangi lililo juu ya kilima na mtaro katika udongo wa mfinyanzi, mwanzo wa mstari mpaka mwisho, bila kuelewa hata chembe, kama sheria inavyotaka. Kaka aliinamia meza na kuanza kuandika. Herufi zake zilikuwa zimepinda, lakini zilifika.

*

Matokeo yalipotoka, jina la kaka lilikuwa kwenye orodha ya waliofaulu. Kimya ndiye aliyemsomea ukutani, na kaka akampandisha mabegani mbele za watu, aibu ikamtosha mpaka akajifunika uso kwa mtandio.

Kurugenzi bado ipo. Sasa ina wasomaji wanaoelewa wanachosoma. Wizara ilijaribu na kugundua kwamba hakuna aliyekufa. Mkurugenzi hakurudishiwa ofisi, kwa sababu cheti chake ni cha Daraja la Kwanza na hakuna kanuni ya kumvua. Anasoma maswali chumba hadi chumba, na wanafunzi wanampenda. Ofisini, kiti cha koti anakikalia Mama Katibu. Kile cha pili kiko wazi kwa mwanafunzi anayekuja na shida.

Siku ile ya matokeo Kimya na kaka yake walimkuta Mkurugenzi kwenye benchi la barazani, na chupa ya maji ya kulainisha koo. Alimwita Kimya kwa kidole.

"Binti. Kile kibandiko ulikiona siku ile ya mtihani?"

"Hapana. Siku ya kwanza, ukumbini."

"Siku ya kwanza!" Akashika kichwa. "Mbona hukuniambia?"

"Ulinipa cheti kwamba sielewi, mheshimiwa. Nisingeweza kuvunja sheria."

Kaka alikohoa kwa nguvu, akageukia ukuta, mabega yakimtetemeka.

"Na ile Kanuni ya Saba," Mkurugenzi alisema polepole, "nimeisoma jana, yote, na miwani safi. Nani aliandika upuuzi ule?"

"Wewe," alisema Kimya.

Mkurugenzi alikunywa maji. Kimya angeweza kuondoka hapo. Zamani angeondoka. Lakini lilikuwa limebaki neno moja, la siku ya usaili, lililokaa mdomoni tangu koti lilipotolewa kitini, na pengine lilikuwa limekaa humo tangu darasa la tano. Aliinua uso kutoka kwenye vidole vya miguu.

"Na lile swali la mfinyanzi na mchanga," alisema, "nililielewa."

"Lote?"

"Lote. Na ya kwenye vitabu vya kaka, yote, miaka yote. Nilikuwa naelewa."